Kindi na Mandolini ya Mninga

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wakati wanyama walikuwa bado wakipiga hodi kabla ya kuingia kwa jirani, aliishi Kindi mmoja katika bonde la Mtondoo. Mwili wake ungeenea ndani ya kata ya maji. Lakini mikono yake! Ukimpa ubao, anakurudishia kitu kizuri.

Siku moja Kindi aliamua kutengeneza mandolini. Mnaijua mandolini? Ni ala iliyo kama mdogo wake gitaa: ina tumbo la mviringo, shingo fupi, na nyuzi nane zinazokwenda mbili mbili kama mapacha.

Kwanza aliziacha mbao kivulini masika mawili zikauke taratibu. Kisha akakata vipande kumi na saba vya mninga, vyembamba kama ganda la kitunguu, akavipinda kimoja kimoja kwa mvuke wa sufuria, akaviunganisha kwa gundi. Hapo ndipo tumbo lilipopatikana. Ukipitisha kidole, hujui kipande kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

Ubao wa juu ndio uliomsumbua. Aliugonga kwa ukucha: to, to! Akasikiliza.

"Bado unaongea puani," alisema peke yake.

Akaukwangua kidogo. To, to! Akaukwangua tena. Wiki nzima Kindi alikuwa akigonga na kukwangua, chai inapoa, chakula kinapoa. Siku ya nane akagonga, na ubao ukajibu: tooo!

"Ewaa! Sasa umeamka," akasema Kindi, akacheka mwenyewe.

Alipofunga nyuzi na kuzikaza, akapiga moja. Ting'iii! Sauti ilitoka laini, ikajaa chumba polepole kama maji yanayomiminwa mtungini, na hata alipoondoa mkono, ilikaa kidogo kabla ya kuondoka. Kindi akaketi chini. Machozi yalimlengalenga.

Wakati huohuo, jirani yake Nyati alikuwa akipita. Nyati alikuwa na nguvu kuliko wote bondeni. Akitembea, vikombe vilitikisika kabatini.

"Hodi! Hodi humu!"

"Karibu, Bwana Nyati. Inama, mlango ni mfupi."

"Nini hicho kinacholia vizuri hivi?"

"Mandolini. Nimeimaliza sasa hivi."

"Hebu niishike."

Kindi akampa, kwani mgeni ni mgeni. Nyati akaigeuza huku na huku, akaipiga kwa kwato. Ng'wang!

"Taratibu, ndugu yangu! Inashikwa kama yai."

"Naipeleka nyumbani mke wangu aione. Kesho narudisha."

Kesho ikafika, ikapita. Keshokutwa nayo ikapita. Siku ya tatu Kindi akiwa kisimani alimsikia Kanga akiwaambia wenzake, "Jamani, mmesikia? Bwana Nyati ametengeneza mandolini! Kwa mikono yake!"

"Kwa kwato zile?" akauliza Digidigi.

"Nyamaza wewe, pembe zake unaziona?" Kanga akamkemea.

Kindi aliacha ndoo palepale, akakimbia hadi kwa Nyati.

"Bwana Nyati, nimefuata mandolini yangu."

"Mandolini yako?" Nyati akatoka mlangoni, pembe zikatangulia. "Nani alikuona ukiitengeneza?"

Hakuna aliyekuwa amemwona Kindi. Siku zote alifanya kazi peke yake, mlango umefungwa, ili asikie mbao zinavyolia.

"Basi nenda. Na ukirudi tena, nitakukanyaga kama karanga."

Kindi akaenda kushtaki kwa Mama Tembo, mkuu wa bonde. Mama Tembo alimsikiliza mpaka mwisho, masikio yake yakipunga polepole.

"Mjukuu wangu, mimi nakuamini," alisema. "Lakini moyo wangu si shahidi. Kesho asubuhi njooni barazani nyote wawili. Atakayeonekana mwongo mbele ya watu, hatashika tena kifaa cha fundi katika bonde hili."

Kindi alirudi nyumbani, akaziangalia patasi zake zilivyopangwa ukutani, kubwa hadi ndogo. Akishindwa, hizo zote zitakuwa za kutundikwa tu. Hakula siku hiyo. Alikaa akiwaza: "Nguvu sina. Shahidi sina. Nina nini basi?"

Asubuhi baraza likajaa. Nyati alikuja na mandolini kifuani, kifua kimetuna.

"Kindi, sema shauri lako," akasema Mama Tembo.

"Mama, kabla sijasema, naomba ruhusa niisifu kwanza kazi yenyewe. Kazi nzuri isisubiri ugomvi wetu."

Watu wakanong'ona. Nyati akatabasamu. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, si kwa sifa!

"Isifu, isifu," akasema.

Kindi akasogea. "Tazameni tumbo hili. Vipande kumi na saba, na maungio hayaonekani! Aliyeyaunga alikuwa na subira."

"Subira ni tabia yangu," akasema Nyati.

"Na sauti yake! Nyuzi nene zinanguruma bila kukwaruza, nyembamba zinalia bila kupiga kelele. Ukizipiga pamoja, hakuna inayomkata mwenzake kauli."

"Ndivyo nilivyotaka!" akasema Nyati, na mkia ukapiga, fya! fya!

"Sasa, fundi," akasema Kindi, na sauti yake ikatetemeka kidogo, "kilichonishangaza zaidi ni ule ufa."

Shingo zikanyooka barazani.

"Ufa?" akauliza Nyati.

"Ule wa nyuma, karibu na shingo. Fundi mwingine angetupa kazi yote. Wewe umeuziba hadi hauonekani! Uliwezaje?"

Nyati akaangalia watu. Wote walikuwa wamekaza macho kwake, Kanga ameachama mdomo. Akasafisha koo.

"Aah, ufa ule! Siku ile nilikuwa nagonga, mara nikasikia, pwaa! Moyo ukanilipuka. Lakini nikajiambia, Nyati, usikate tamaa. Nikachukua ulimbo, nikachanganya na unga wa mninga, nikapaka, nikakandamiza kwa pembe siku tatu."

"Lo! Siku tatu!" akasema Kanga.

"Ufa wenyewe ulikuwa mrefu kiasi gani?" akauliza Kindi.

"Kama kidole! Hapa hapa, upande wa kushoto."

Kindi akageuka. "Mama Tembo, mkonga wako hugundua hata mchanga ndani ya mchele. Tafadhali upitishe hapo."

Mama Tembo akaipokea mandolini. Akaipapasa upande wa kushoto, akaipapasa upande wa kulia, akarudi tena, taratibu. Akaichungulia kwenye jua.

"Hapa hapana ufa," akasema. "Wala hapajawahi kuwa na ufa."

"Haupo, Mama," akasema Kindi, na sasa machozi yakamtoka. "Nisamehe, nimeisingizia kazi yangu mwenyewe, na ulimi unaniuma. Lakini ningeambiwa mimi kwamba ina ufa, ningeruka hadi kwenye paa! Ningesema, ufa uko wapi? Nionyeshe! Yeye ameambiwa, akaitikia."

Baraza likalipuka. Digidigi alicheka hadi akaanguka kitako. Nyati akainamisha kichwa, pembe zikagusa vumbi.

"Bwana Nyati," akasema Mama Tembo, "wewe ulikosa nini mpaka ukachukua cha mwenzako?"

Nyati akachimba vumbi kwa kwato.

"Tangu nizaliwe nasifiwa pembe tu," akasema kwa sauti ndogo. "Siku ile niliyosema mandolini ni yangu, watoto wangu walinitazama kwa namna ambayo hawajawahi kunitazama. Nikashindwa kurudi nyuma."

"Hukumu yangu haibadiliki: kifaa cha fundi hutashika," akasema Mama Tembo. "Na leo jioni utawaambia watoto wako ukweli, kwa mdomo wako mwenyewe."

"Nimesikia, Mama."

Mandolini ikarudi kwa Kindi. Akakaza uzi mmoja uliokuwa umelegea kwa zile kwato, akaegemeza tumbo la ala kwenye tumbo lake, akapiga. Ting'iii, ting'iii! Sauti ikaenea barazani, ikapita juu ya vichwa, ikashuka kisimani. Kanga mwenyewe akanyamaza, na hilo halijawahi kutokea tena hadi leo.

Nyati naye hakuondoka. Alisimama nyuma kabisa, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza akaisikiliza.

Basi wanangu, hapo ndipo hadithi ilipotua mzigo wake: mwenye kazi huijua na kuitetea, lakini aliyeiiba huitikia kila anachoambiwa.