Kwa Nini Mkono Hutetemeka Ukikikaribia Kikombe

Chai aliyokusudia kuipeleka kinywani, Bwana Mbaruku aliimwaga mapajani mwa Bi Mwanapili, shangazi wa binti anayeposwa. Chai ya maziwa, ya moto. Na yeye ndiye mshenga!

"Mshenga kaja kalewa," mzee mmoja akanong'ona kwa sauti ya mnadani.

Posa aliyoileta Mbaruku kwa ajili ya mpwa wake Chande ikaanza kuteleza. Mbaruku, aliyezunguka bandari za watu mpaka akajua kuomba radhi kwa lugha asizozijua, akaona aiokoe kwa kisa.

"Si pombe, jamani. Nisikilizeni."

Hapo kale, akawasimulia, kichwa kilikuwa na bwana mkubwa, Ubongo Mkubwa, aliyekaa barazani akitoa amri. Uani, kisogoni, alikaa nduguye, Ubongo Mdogo, amekunjamana kama kanzu iliyolaliwa. Mishipa ya fahamu haikugusana. Kati ya mmoja na mwenzake palikuwa na mfereji, na matarishi waliuruka wakibeba amri. Mdogo aliwapimia: wewe polepole, wewe ngoja, wewe komea hapo. Waliokosea leo, kesho aliwanyoosha. Ndiyo maana watu walicheza ngoma bila kuitazama miguu yao.

Sifa za miguu zikamfikia Mkubwa, akazichukua zote. "Huyu wa uani anakula bure," akasema, akamfukuza.

Kesho yake tonge la wali likaenda sikioni. Miguu ikapepesuka, na hakuna aliyeonja tone la pombe. Mkubwa akapiga kelele, "Mbele! Nyuma! Hapana, mbele!" Matarishi wakaurukia mfereji kwa pamoja, wakagongana, wengine wakavunjika miguu. Ndipo Mkubwa akaenda kumwangukia nduguye. Mdogo akarudi kazini, ila majeruhi hawakupona wote.

Na tangu hapo kuna mikono inayotulia ikiwa pajani, ikikikaribia kikombe inaanza kucheza. Tarishi kilema anafika, lakini anapapita pa kukomea. "Wawili watatu wamehamia mkononi mwangu," Mbaruku akasema. Pombe nayo humlaza yule wa uani, ndiyo maana hadi leo mgonjwa hudhaniwa mlevi.

Akajifuta jasho, akafungua kinywa aongeze kingine. Bi Mwanapili akawageukia wazee wake, nao wakainamisha vichwa kukubali.

"Posa tumepokea," akasema. "Sasa nyamaza, kaka, wali unapoa."