Yakini ya Kadhi

Palikuwa na kadhi mmoja, Sheikh Mbwarali, asiyetaka kusumbuliwa na mashahidi. Mashahidi wa nini, naye ana moyo? Moyo ukishamwambia "huyu ndiye," basi, mtu katiwa hatiani, kahawa iletwe. Nani abishane na moyo wa kadhi?

Asubuhi moja makubadhi yake mapya yakapotea mlangoni. Akaitwa Bi Mize, muuza mbaazi. Kosa lake? Alipita njia ile. Watu wakajaa barazani, nyumbani kwa kadhi, kusikiliza.

"Mwizi ni wewe," akasema kadhi. "Utatoka mji huu leo hii, na nyumba yako itachukuliwa."

Kibanda kile Bi Mize aliachiwa na mamake; hana pengine pa kulaza ubavu. Lakini ulimi, alhamdulillahi, alikuwa nao.

"Nani aliyeniona, Sheikh?"

"Hakuna."

"Yamekutwa kwangu?"

"Hayakukutwa. Lakini nina yakini."

"Yakini kiasi gani?"

"Kama ninavyokuona hapo ulipo!"

"Haya, nakubali mie maskini. Ila uniapie kwanza."

"Wallahi..."

"Ah! Hicho kiapo cha sokoni, hata mie nauzia mbaazi. Apa kile kizito. Sema: 'Kama Mize hakuiba, basi mke wangu ameachika, talaka tatu.'"

Kadhi akatupa jicho kwenye pazia la mlango wa ndani. Nyuma ya pazia bangili zikalia. Alikuwa Bi Zamzam, mkewe, na nyumba ile ni yake; kadhi alihamia pale siku ya harusi na sanduku lake la nguo, kama wanaume wengi wa mji ule.

"Apa, bwana," sauti ikatoka ndani, taratibu kabisa. "Mbona wasita? Si una yakini?"

Kadhi akajifuta jasho kwa ncha ya kilemba.

"Hili... hili jambo linataka kutazamwa. Huenda ni mbwa aliyeyachukua."

"Huenda?" akauliza Bi Mize.

"Huenda," akasema kadhi, akikohoa.

Bi Mize akainuka, akajitanda kanga yake vizuri.

"Makubwa haya! Yakini isiyothubutu kukutoa wewe kwa mkeo, Sheikh, ndiyo iliyotaka kunitoa mimi kwangu?"