Bwana Ghafla Hapigi Hodi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi zile fisi alipokuwa akivaa kofia na nyati akifunga shuka kiunoni, palikuwa na soko dogo kando ya Mto Kivumo. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza ndipo usikilize.

Sokoni hapo Bi Kindi alipika vitumbua. Tshaa! Tshaa! Kikaango kililia tangu alfajiri. Watoto wake watatu walikula kwa kikaango hicho, hawakuwa na riziki nyingine.

Kushoto kwake Mzee Fisi aliuza supu. Kulia Bwana Nyati alichoma mihogo. Majirani wakubwa hao, na matumbo yao makubwa zaidi.

Bi Kindi alikuwa na hofu moja. Mama yake naye alipika vitumbua palepale, kabla Fisi na Nyati hawajahamia, mpaka siku mto ulipofurika ukabeba kibanda, kikaango na mchele wote. Mama hakuwa na pa kuanzia tena. Alikaa tu akiutazama mto hadi alipokufa. Bi Kindi akimkumbuka, roho ilimuuma.

Basi kila siku alitenga kibaba cha mchele katika gunia la pembeni. Lakini lilipokaribia kujaa tu, jirani zake walilitembelea!

"Akiba ya nini na jua lote hili?" Fisi alicheka, mkono umeshazama guniani. "Mto wenyewe maji hayafiki magotini!"

"Na wewe ulivyo mdogo, gunia zima la nini?" Nyati aliongeza.

Siku moja Fisi alikuja na bakuli lake kama kawaida. Bi Kindi alikuwa na kitumbua cha moto shavuni.

"Mchele huu wa nani leo?" Fisi akauliza.

Bi Kindi alitaka kusema, "Wa mambo ya ghafla!" Lakini kwa moto ule mdomoni, kilichotoka kilikuwa, "Wa bwa... bwa... Ghafla!"

"Bwana Ghafla?" Fisi akasimamisha masikio. "Ndiye nani huyo? Mgeni?"

Bi Kindi akameza. Alitaka kumsahihisha, kisha akasita. Jicho likamng'aa.

"Ehee, mgeni! Kumbe hamjamsikia? Ni mkubwa kuliko tembo, na hapigi hodi. Akikuta chakula bondeni hukikomba chote. Ila kilichoko mwambani kule juu hakigusi. Hicho ni cha wenyeji."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Fisi akapiga kelele, mate yakimdondoka. "Nyati! Nyati wee! Kuna karamu!"

"Mpandishe vyombo vyenu vya akiba, na vyangu pia," akasema Bi Kindi. "Mimi mdogo, gunia linanishinda."

Basi, wanangu, mngewaona! Nyati alibeba gunia la mchele, kuni, na kikaango cha zamani chenye mpini uliolegea. Akaongeza mihogo yake. Fisi alibeba sufuria kuukuu na mifupa mikavu. Wakajenga kibanda cha nyasi juu ya mwamba, huku Bi Kindi akiwaelekeza, "Kushoto kidogo! Hapo hapo!" Na kila siku akampa Nyati kibaba kingine apandishe.

Siku ya tatu Fisi alishindwa kuvumilia.

"Mfupa mmoja tu, Bi Kindi. Mdogo!"

"Loo, Mzee Fisi! Mwenyeji amtangulie mgeni kula? Watu watasemaje?"

Fisi akaona haya. Akameza mate, gudu! akashuka.

Siku ya saba, mchana wa jua kali, mvua ilikuwa ikinyesha mbali milimani bila mtu sokoni kujua. Bi Kindi alikuwa akipindua vitumbua. Mara ardhi ikanguruma: grrrrr!

"Amefika!" akapiga ukelele. "Mwambani! Mwambani!"

Fisi alitangulia, awahi nafasi nzuri ya kukaa. Nyati aliwaona watoto wa Bi Kindi wakitetemeka, akawapakia wote mgongoni bila kuombwa. Wakapanda mbio.

Juu, Fisi akanyoosha kofia yake. "Yuko wapi mgeni?"

Ghubuuu! Maji ya tope yakapita bondeni. Kibanda cha supu kikaenda. Cha mihogo kikaenda. Kikaango kizuri cha Bi Kindi kikaelea kidogo, kikazama.

"Ndiye yule," akasema Bi Kindi. Alikuwa akilia, wala hakuficha machozi.

Nyati akapumua, fuuu! "Umetudanganya! Hakuna Bwana Ghafla!"

"Si mkubwa kuliko tembo? Amepiga hodi? Hajala vyote vya bondeni? Uongo wangu uko wapi, kaka Nyati?"

Nyati akauliza, "Ulijuaje kwamba ni leo?"

"Sikujua ni lini. Nilijua tu kwamba huja."

Nyati akautazama mto, akautazama mzigo wake wa mihogo, akaanza kucheka hadi watoto mgongoni wakacheka naye.

"Sasa," akauliza Fisi kwa upole, "mwenyeji atapona saa ngapi?"

Kesho yake, tshaa! Tshaa! Kikaango cha mpini uliolegea kilitoa vitumbua vilivyopinda, lakini wanyama wa bonde zima walipanda kuvinunua, na supu, na mihogo. Mwezi haukuisha, wote watatu wakawa na vibanda vipya, safari hii mtelemkoni, mbali na mto.

Nyati akaanza gunia lake la akiba. Fisi naye akaanza, ila alimwomba Bi Kindi amtunzie, maana alijijua.

Hadithi nimeitua hapa, nanyi bebeni funzo lake nyumbani: mwenye biashara hujiwekea akiba siku ya jua, kwa kuwa balaa haitumi salamu.