Msiba wa Mwanamvua Wafika Mlingwe

Sogeeni, wanangu, nisimulie polepole.

Siwema alimzika mama yake, Mwanamvua, kisha akaenda kuwapa habari ndugu wa mama, ili khitma isisomwe bila mtu wa ukoo. Alipofika kitongoji cha Mlingwe, hakuona nyumba hata moja. Palikuwa na nyasi tu, na zimwi limekaa juu yake likichokonoa meno.

“Nimewafunika wote chini yangu,” likasema. “Waite mara tatu. Wasipoitika, rudi kwenu.”

“Hodi, wenyewe!” Kimya.

“Ni mimi, Siwema wa Mwanamvua!” Kimya.

Zimwi likacheka. “Bibi wee, wamekusahau!”

Siwema hakuwa tena na nguvu ya kupaza sauti. Akasema taratibu, “Mama amefariki.”

Chini ya nyasi mwanamke akauliza, “Amefariki lini?”

Zimwi liliweza kuwanyamazisha watu kwa kila jambo, ila si kwa msiba. Ardhi ikapasuka, likaporomoka, likatimka mbio. Nyumba zikainuka, wanawake wakatoka wakijifunga kanga viunoni.

Mama mdogo akamkumbatia. “Mwanangu, umezika peke yako?”

“Nilizika na majirani.”

“Basi kaa chini. Leo tunapika sisi.”

Siwema akakaa, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kifua kikawa chepesi.

Nami nanyamaza hapo. Mungu awarehemu waliotutangulia.