Masale ya Mshiu

Mng'oa masale hukosa la kuombea radhi. Ndivyo mama yenu alivyomwambia yule jirani asubuhi, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Msiache kuchambua maharage, masikio hayachambui. Mnataka kujua maneno haya yalitoka wapi, na mimi nitawaambia, maana yalitoka huku huku mlimani.

Sale mnalijua. Ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani, ili kila mtu ajue kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kinaishia wapi. Mtu akikosa, huchuma jani la sale, akalifunga fundo na kulipeleka kwa aliyemkosea. Anayeletewa sale hana budi kusamehe, hata kama ana donge kooni.

Basi palikuwa na mjane, Aikande, aliyebaki peke yake katika kihamba cha migomba. Kaburi la mumewe lilikuwa ukingoni, hatua tatu kutoka mpaka wa jirani yake, Mshiu. Mshiu alikuwa na ng'ombe wengi na zizi dogo, na jicho lake likatua kwenye kipande kile, hatua tano kuvuka mpaka. Siku moja Aikande alikuta masale ya mpakani yamelala chini, mizizi juu. Akapanda mengine. Yakang'olewa. Akapanda tena, yakang'olewa tena.

Watu wakamshauri aachie. Hatua tano tu, wakasema, za nini kugombana?

"Hatua tano ningeachia," akajibu Aikande. "Na marehemu nimhamishie wapi?"

Wakaenda zao. Kunyamaza ni rahisi shamba lisipokuwa lako.

Mshiu alipoona hakuna anayemkemea, akazunguka kihamba chake chote na kung'oa masale ya pande zote nne, ili aweze kusema kwamba ukoo wake haukuwahi kuweka mipaka. Kisha akachukua panga, akaingia kwa Aikande mchana kweupe na kuanza kufyeka migomba iliyozunguka kaburi. Mgomba wa nne ukaangukia mfereji uliopita hapo na kuziba maji ya kijiji kizima.

Watu wa chini walipoona maji yamekatika, wakafuata mfereji hadi juu na majembe yao. Wakamkuta Mshiu na panga mkononi, mikungu michanga miguuni pake, na kisigino juu ya kaburi.

"Nasafisha," akasema.

Wazee wa mfereji, ndio wagawaji wa maji, hawakukaa kikao kirefu. Mshiu hatapata maji mpaka Aikande amsamehe. Mshiu akapokea hukumu kwa upole uliowashangaza wengi. Kumbe moyoni alikuwa akicheka. Jani moja tu la sale, na mjane hana la kusema!

Akaenda mpakani kuchuma, akakuta mashimo. Akaenda upande wa pili, mashimo. Akabisha hodi kwa jirani wa juu.

"Sale langu likaombee radhi kosa lako?" jirani akauliza. "Kesho utasema na mpaka huu ni wako."

Alizunguka nyumba sita, na majibu yakawa yale yale. Migomba yake ilikuwa imeanza kukunja majani kwa kiu. Mwishowe akaenda kwa Aikande mikono mitupu.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi."

"Karibu. Sale liko wapi?"

"Sina."

"Wewe? Umechuma kuliko mlima mzima."

Mshiu akatazama chini. "Nipe basi hata moja la kwako."

"Langu uliling'oa wewe." Aikande akaweka chini ungo wake. "Shemeji, nina hasira na wewe. Siku ile nililia kama siku ya msiba. Huna sale, kwa hiyo nikisema hapana hakuna wa kunilaumu. Unalijua hilo?"

"Nalijua," akasema Mshiu, na kwa mara ya kwanza aliogopa.

Aikande akaingia ndani, akatoka na mzigo wa vipande vya masale alivyoletewa kutoka kwao ili apande kwa mara ya tatu.

"Panda pale pale yalipokuwa. Yakishika na kutoa majani, chuma moja uniletee."

"Na maji ya mfereji?"

"Yatakungoja huko huko kwenye jani."

Ilikuwa kiangazi. Kijiji kizima kilimwona Mshiu akipanda na kushuka korongoni na ndoo, akinywesha mpaka aliokuwa ameapa haupo. Mbuzi wakikaribia, alitoka mbio na fimbo. Binti yake alipojaribu kuvuta chipukizi moja kwa kuchezea, baba mtu alipiga kelele iliyosikika hadi ng'ambo:

"Usiguse! Huo ni mpaka wa watu!"

Aikande aliisikia akiwa jikoni. Hakutoka. Alikaa kwenye kigoda na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na hayo hayakuwa ya msiba.

Mvua zilipoanza, Mshiu alileta jani lake, dogo, limefungwa fundo. Aikande akalipokea kwa mikono miwili. Ng'ombe hawajakanyaga kaburi lile hata leo, na wazee wa kwetu, wakimwona mtu anaharibu cha jirani yake, humwambia polepole: mng'oa masale hukosa la kuombea radhi.