Mto Chini ya Chokaa

"Mama, mto ukimchukua mtu, huwa unamshika wapi?"

Binti wa miaka saba aliuliza hivyo kwenye matanga ya mdogo wake aliyezama, wapendwa. Mama yake alikuwa amejifunika kanga usoni. Shangazi ndiye aliyesema, "Wee, hayo ni ya wakubwa. Nenda kacheze na wenzio."

Acheze mchezo gani, ndugu zangu?

Binti akaenda, akanyamaza siku hiyo, akanyamaza mwezi mzima. Badala ya maneno akaokota mkaa jikoni, akachota bluu ya kufulia, akauchora mto kwenye ukuta wa mbele. Mto mpana, na watoto wawili ukingoni, wadogo kama punje za mtama.

Mama hakuwa mkatili. Alikuwa msafi tu. Jumuiya ya sala huzunguka nyumba hadi nyumba na zamu yake ilikaribia. Nani anataka wageni wakute ukuta una masizi? Akakoroga chokaa, akapaka. Kesho yake mto umerudi. Akapaka tena. Ukarudi.

"Mwanangu, unanitafutia nini? Watu watasema nyumba hii ina mapepo."

Binti akaenda kuokota mkaa mwingine. Na mara nyingine, brashi mkononi, mama aliutazama mto ukififia polepole chini ya chokaa inayokauka, akasikia kama maji yanatiririka mahali fulani mbali, ndani ya udongo.

Zamu ikafika. Wanawake wamekaa chini ya banda, ukuta mbele yao mweupe kama yai, wimbo umeanza, mara mvua ikaja na upepo ikaulowesha ukuta. Mnaijua chokaa nyembamba: ikilowa, huonyesha kilicho chini yake. Mito ikaanza kupanda juu. Mmoja, wa pili, wa tano, bluu juu ya nyeusi, mpaka nyumba nzima ikawa kama inaelea. Wimbo ukafia midomoni.

"Jamani, tugeuze mikeka," shangazi akanong'ona. "Tutazame upande wa pili."

Mama hakugeuka. Alitoka mvuani, maana alikuwa ameona jambo ambalo haraka ya brashi haikumruhusu kuliona: katika kila mto, yule mtoto mkubwa alikuwa na mkono mmoja mrefu kupita kiasi, umefika hadi majini. Binti alikuwa amemfuata nyuma. Mama akapiga magoti matopeni.

"Huyu nani?"

"Mimi." Neno la kwanza tangu matanga.

"Na mkono huu?"

"Una sabuni. Nilimshika, mama. Akateleza."

Mama hakusema "nyamaza, yamepita." Aliomba mkaa. Vidole vilivyozoea mwiko vikachora, vibaya kabisa, mwanamke amesimama mbali na mto.

"Huyu ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyewatuma mtoni na nguo, nikabaki nyumbani. Si mkono wako, mwanangu."

Binti akautazama mchoro. "Mama, umejichora huna shingo." Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na akalia kifuani pa mama yake hadi mvua ikakatika.

Sasa sisi. Mtoto akichora daftarini, tunamchapa kwa kuharibu karatasi. Akifinyanga udongo, kachafua nguo. Akinyamaza, tunamsifu: mtoto mtulivu huyu. Mtulivu? Kaburi nalo ni tulivu, na tunalipaka chokaa vilevile. Mtoto wa miaka saba alibeba maiti mwezi mzima, na watu wazima wakahangaikia ukuta. Sisi wenyewe tunamwendea Mungu kwa kuguna na kwa machozi, tukiamini anaelewa. Nani basi alituambia kwamba mtoto lazima apange sentensi ndipo asikilizwe?

Ukirudi nyumbani leo, mpe mtoto wako kipande cha mkaa na ukuta mmoja, kisha ukae karibu naye mpaka amalize.