Piga Simu Tukuhudumie

Leo msifungue Biblia kwanza. Ziwekeni chini, mnisikilize, maana nina mtu nataka mumwone.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa anauza vile vidude vinavyowekwa sikioni, vya kumsaidia mtu asiyesikia vizuri. Vitu vya maana kabisa. Alikuwa ameacha ajira, akatumbukiza kiinua mgongo chake chote kwenye kiduka hicho, na mkewe alikubali kwa shingo upande. Wateja wa kupita njiani walikuwa wa kubahatisha, basi akaweka tangazo mtandaoni. Ninyi wenye biashara mnalijua hili: kila mtu anayelibofya tangazo, wewe unakatwa hela. Anunue asinunue, unakatwa.

Na watu walibofya, ndugu zangu. Asubuhi wanabofya, jioni wanabofya, hela inayeyuka, na hakuna anayenunua. Akabadilisha picha, akaweka ya mzee anacheka na wajukuu. Wakabofya zaidi. Akashusha bei. Wapi. Mwenye nyumba naye akaanza kupitapita pale mlangoni, anasalimia tu, lakini unaona kabisa anawaza kodi yake.

Ikafika siku akamwambia mkewe, "Mama watoto, hawa watu hawana shida yoyote. Ni wazururaji, wanabofya kupoteza muda."

"Wote?" mkewe akauliza.

"Wote. Mwisho wa mwezi nafunga."

Sasa siku anafungasha vitu vyake kwenye maboksi, akaingia mama mmoja mtu mzima, vumbi la safari miguuni. Ametoka mkoa mwingine kwa basi. Hakusalimia. Alimnyooshea simu yenye lile tangazo, akauliza kwa sauti kubwa kama anamwita mtu wa ng'ambo ya barabara, "Ni hapa?"

Yule bwana akafurahi, halafu akaudhika kidogo. "Mama, umesafiri umbali wote huo? Si ungepiga tu simu?"

Mama akamtazama midomo, akatikisa kichwa. Akamkabidhi simu yake. "Niandikie hapo. Sisikii."

Bwana akaandika: Kwa nini hukupiga simu? Alipomaliza akayasoma maneno yake mwenyewe, na mwili ukamsisimka. Alitaka kuyafuta, lakini mama alishaichukua simu na kusoma. Wala hakukasirika.

"Baba, hilo tangazo lako nimelibofya mpaka nimelikariri. Kila nikifika mwisho linaniambia, piga simu tukuhudumie. Pa kuandika hamna. Ningekuwa naweza kuongea na simu, ningekutafuta wa nini?"

Yule bwana akakaa kwenye kiti cha wateja. Wale aliowaita wazururaji wakamjia wote mbele ya macho. Bibi ambaye wajukuu wamechoka kumrudia maneno. Binti anayecheka kwa sababu wenzake wamecheka. Walikuwa wamefika kwake kweli, mmoja mmoja, kila mtu na shida ileile anayoitibu yeye, na yeye alikuwa anawaambia: ukitaka nikusaidie kusikia, kwanza sikia. Akaogopa kama mtu aliyegundua amesimama na viatu mahali patakatifu.

Akainuka, akamhudumia yule mama. Alipomwashia kifaa sikioni, mama akainua macho kwenye feni iliyokuwa inazunguka juu yao. "Na hiyo," akauliza taratibu, "huwa inatoa sauti?" Wakabaki wote wawili wanaitazama feni, na machozi yanawatoka. Siku hiyohiyo tangazo likabadilishwa, likasema, tuandikie ujumbe. Kabla jua halijazama, ujumbe ulikuwa umeanza kuingia, na maboksi yakafunguliwa.

Mnatabasamu. Haya, tabasamuni, lakini sisi tumeandika nini mlangoni kwetu? Mlevi tunamwambia aache pombe ndipo aje. Aliyeishiwa imani tunamwambia aje na imani. Binti aliyezalia nyumbani tunamtaka aje na ile heshima ambayo sisi wenyewe tulimvua kwa midomo yetu. Halafu tunakaa kwenye vikao vyetu tunalalamika kwamba watu wa siku hizi hawana kiu ya Mungu. Hawana? Nani kati yetu amewahi kuwauliza?

Mimi nikiliwaza hili nywele zinanisimama. Mungu alituona sisi viziwi, hatuwezi kuitika hata tukiitwa, wala hakusubiri tuitike. Yeye aliyeziumba mbingu alishuka akaja mpaka tulipo, akatugusa masikio haya haya. Mkuu namna hiyo, na hakuona shida kuja. Sisi tunajiona nani?

Na sasa hivi, nje ya geti letu, kuna mtu amesimama. Jumapili iliyopita pia alisimama palepale, akasikiliza kwaya, akaondoka zake. Shida inayomzuia kuingia ndiyo hiyohiyo iliyomleta. Mimi nakaa chini. Nani anatoka kwenda kumchukua?